Paa Kwanza, Mashine Baadaye: Kuosha Magari Nyumbani Msimu wa Baridi

Julai ya Embu haihitaji maelezo. Unaamka saa moja, ukungu umekalia migomba, nguo ulizofua juzi bado zina unyevu, na barabara ya kwenda Kianjokoma ni tope jekundu tupu. Kule Meru, kuanzia Githongo kushuka hadi Nkubu, hadithi ni ile ile. Probox inatoka nyumbani ikiwa safi, inarudi jioni ikiwa na rangi ya udongo hadi kwenye vioo.

Hapo ndipo wazo huja. Magari ni machafu, wenye magari hawataki kusimama kwenye baridi wakiosha, na nyumbani kuna nafasi kando ya nyumba. Kwa nini usinunue mashine ya presha, uweke bango la rangi langoni, uanze kazi?

Wazo lenyewe si baya hata kidogo. Shida yetu ni ule mpangilio wake. Wengi huanza na mashine, tena kwa mkopo wa siku thelathini kwenye simu. Paa, sakafu na maji wanasema vitakuja baadaye. Sisi tunaona ni kinyume: paa lije kwanza na mashine ije mwisho. Na kama mashine ni lazima ije kwa mkopo wa mwezi mmoja, basi isije kabisa mwezi huu.

Huenda ukashangaa kusikia hayo kutoka kwa kampuni ya malipo. Sisi riziki yetu hutokana na pesa kutembea, na mkopo ni pesa inayotembea. Lakini mteja aliyezama kwenye deni hatembezi pesa yoyote. Kila shilingi inayoingia inamezwa kabla hajaiona. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakuwa wamewahi kuona simu.

Hebu tupige hesabu

Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Weka zako za mtaani kwako, ufanye hesabu upya.

Tuseme umekopa 20,000 kununua mashine, na ada ya mkopo ni asilimia 8 kwa siku 30. Utarudisha 21,600. Ukipumzika Jumapili, mwezi una siku 26 za kazi. Gawanya: kila siku ya kazi unatakiwa kutenga karibu shilingi 831 za deni peke yake.

Sasa gari moja unaliosha kwa 300. Toa sabuni, maji, stima na taulo zinazochakaa, tuseme 80. Unabaki na 220. Ili kupata 831 unahitaji karibu magari manne kila siku, hata siku ile mvua inanyesha kutoka asubuhi hadi jioni. Hayo ni magari ya deni. Ya unga, ya karo na ya kumlipa kijana anayekusaidia bado hayajahesabiwa.

Na msimu wa baridi una ujanja wake. Gari linachafuka haraka, ni kweli, lakini mwenye gari naye anajua litachafuka tena kesho. Akiona mawingu anasema, "Wacha nitaleta Jumamosi." Jumamosi ikinyesha, anasema ijayo. Siku zako za mkopo hazingoji Jumamosi ijayo.

Kazi ya baridi iko ndani ya gari

Hili ndilo watu wengi hawalioni. Tope la nje huonekana, lakini uharibifu mkubwa wa msimu huu uko ndani. Abiria wanaingia na viatu vya matope. Mazulia yanalowa. Vioo vimefungwa kutwa nzima kwa sababu ya baridi, kwa hivyo unyevu hautoki. Baada ya wiki mbili gari linanuka kama gunia lililolazwa nje, na ukungu mweupe unaanza kwenye mikanda na chini ya viti.

Mwenye gari hawezi kusema atangoja mvua iishe ndipo atoe harufu hiyo. Anasafiri nayo kila siku, na kama anabeba abiria, wao ndio watamwambia.

Tuseme usafi wa kina wa ndani (viti, mazulia, dari, milango) unautoza 2,000, na gharama ni 400. Unabaki na 1,600, ambayo ni sawa na kuosha magari saba kwa nje. Hatusemi ni pesa rahisi. Ni saa tano au sita za mikono, na gari linaweza kulala kwako likikauka. Tofauti ni kwamba unahitaji mteja mmoja badala ya saba, na kazi inaendelea mvua ikinyesha. Sharti ni moja tu: uwe na paa.

Paa, sakafu na maji

Probox ina urefu wa mita 4.2 hivi na upana wa mita 1.7. Lakini huwezi kusafisha ndani milango ikiwa imefungwa. Ukitaka milango yote ifunguke na mtu apite na ndoo, tenga nafasi ya mita 4 kwa 6. Nguzo za mkaratusi, mbao na mabati vinatosha. Hujengi gereji ya kifahari. Acha pande mbili wazi ili hewa ipite, na upande unaoleta upepo na manyunyu ufunge turubai la kushusha na kupandisha.

Kama unaishi kwenye ploti ya kupanga, ongea na mwenye ploti kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Watu wamejenga, kisha wakaambiwa wang'oe.

Sakafu ndiyo itakayokutofautisha na wengine. Udongo wetu mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya ukilowa hugeuka utelezi, na gari ulilosafisha linatoka hapo na matope mapya. Simiti ni bora, lakini kama pesa haijafika, anza na kokoto iliyoshindiliwa vizuri. Sakafu iwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, yaani kwa urefu wa mita 6 upande mmoja uwe chini kwa sentimita 12. Maji yaelekee kwenye shimo dogo la kunasa mchanga na mafuta, halafu yaende kwenye shimo la kokoto yazame taratibu. Usiyaelekeze kwa jirani, wala kwenye mtaro unaoshuka hadi Rupingazi au Kathita. Kuna watu wanaochota maji huko chini, na sheria za mazingira haziangalii kama umeanza biashara jana.

Maji nayo yanaweza kutoka kwenye paa lile lile. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 4 kwa 6 ni mita 24 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo Aprili au Novemba si jambo la ajabu, inakupa lita 480. Ondoa kidogo kinachopotea, bado una zaidi ya lita 400. Hata manyunyu ya milimita 2 ya Julai ni lita 48, na mtu makini wa ndoo huosha gari dogo kwa maji kama hayo. Weka mfereji wa bati na tenki, hata la lita 1,000, kabla ya kuwaza mashine.

Kama unatumia maji ya mfereji, fahamu kwamba kampuni za maji hutofautisha mteja wa nyumbani na wa biashara. Uliza bei yako itakuwa ipi mapema, pamoja na kibali cha biashara cha kaunti. Gharama hizo ziwe kwenye hesabu yako ya kwanza, zisije zikakushtua mwezi wa tatu.

Mambo mawili yanayoua

Hapa tunaomba usome polepole.

La kwanza ni moshi. Baridi ikikaza, kuna mtu atawaza kufunga turubai pande zote na kuwasha jiko la makaa ili viti vikauke haraka, au kuacha injini ikinguruma ili feni ya gari itoe joto. Usifanye hivyo. Makaa na injini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mahali palipofungwa inaua mtu kabla hajajua ana shida. Viti vikaushe kwa hewa inayopita, feni ya kawaida na muda. Kama haijakauka leo, mwambie mteja ukweli: njoo kesho.

La pili ni stima. Maji, sakafu iliyolowa na waya uliounganishwa kwa plasta ni mauti. Muite fundi wa stima mwenye leseni akuwekee soketi iliyo juu, yenye kifuniko cha kuzuia maji, na swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja. Ikiwa huna pesa ya kufanya hivyo, basi kazi yako iwe ya ndoo na mikono hadi uipate.

Orodha ya vifaa, kwa zamu

Ukiwa na paa, sakafu na maji, vifaa vya kwanza ni vya bei nafuu: ndoo mbili, shampuu ya gari, glavu laini ya kuoshea, taulo za maikrofaiba, brashi laini na ngumu, na taa nzuri.

Ndoo ni mbili kwa sababu. Moja ina sabuni, nyingine ina maji safi ya kusuuza glavu. Udongo mwekundu una chembe ndogo, na ukizungusha glavu chafu juu ya rangi unaikwaruza gari zima. Kwanza lilowe, tope lilainike na kuteremka, ndipo uguse. Anza juu, malizia chini na magurudumu. Sabuni ya vyombo iache jikoni, kwani inatoa nta inayolinda rangi. Taulo za magurudumu zisiguse bodi kamwe.

Kifaa cha pili ni vakyumu inayofyonza vumbi na maji. Tunarudia: vakyumu kabla ya mashine ya presha. Hiyo ndiyo inayofungua mlango wa kazi ya ndani. Na kwa kazi ya ndani, siri ya msimu wa baridi ni maji kidogo. Tumia povu, brashi na taulo yenye unyevu, kisha fyonza. Ukimwagia kiti ndoo nzima, sponji ya ndani haitakauka Julai hii, na harufu itarudi baada ya siku tatu pamoja na mteja mwenye hasira. Chini ya viti vya mbele kuna nyaya, na zenye viunganishi vya manjano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama. Usizichomoe, usizilowanishe.

Kung'arisha kwa nta kunafuata. Kwenye unyevu nta huchelewa kukauka, kwa hivyo hakikisha bodi ni kavu kabisa, paka sehemu ndogo, pitisha kidole. Kikitoka safi bila ukungu wa mafuta, futa.

Mashine ya presha ndiyo ya mwisho, na inunuliwe kwa pesa iliyotoka kwenye kazi. Ukiipata, usiielekeze kwenye injini. Maji ya presha yakiingia kwenye koili na sensa, utalipia gari ambalo si lako.

Pesa ya kazi isilale na pesa ya nyumbani

Sasa tuje kwenye upande wetu. Biashara nyingi ndogo hazifi kwa kukosa wateja. Zinakufa kwa sababu 2,000 ya mteja iliingia kwenye laini ile ile ya nyumbani, ikanunua mkate, tokeni za stima na nauli, na Jumatatu hakuna pesa ya shampuu. Hakuna aliyeiba. Pesa zilichanganyika tu.

Fungua namba ya malipo ya biashara, ile wengi wetu tunaiita tili, au angalau laini ya pili isiyotumika kwa mambo ya nyumbani. Kila jioni jilipe ujira wako, kiasi kinachojulikana, halafu kinachobaki kikae. Kila gari, weka kando sehemu ya mashine. Kwa mfano, ukiweka 300 kwa kila kazi ya ndani na 40 kwa kila gari la nje, ukiwa na kazi za ndani tatu na magari kumi na tano kwa wiki, una 1,500. Wiki kumi na nne zinakufikisha 21,000. Mashine ya 20,000 imepatikana bila ada na bila ujumbe wa saa kumi na moja asubuhi wa kukukumbusha deni.

Kuna mambo manne ambayo tungependa uyabandike ukutani.

Thibitisha malipo kwenye simu yako. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Ujumbe uliofika kwako ukitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu si malipo pia. Angalia salio lako ndipo utoe funguo.

Mtu akipiga akisema ametuma kwa makosa, "rudisha haraka, mtoto yuko hospitali," usimrudishie mwenyewe kwa namba anayokupa. Angalia salio kwanza, kisha mwambie afuate utaratibu rasmi wa kurudisha pesa kupitia kampuni yake ya huduma. Na namba ya siri haimhusu mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

Mashine ya nusu bei kwenye mtandao, picha nzuri, "tuma kidogo tu ya usafiri": usitume. Nenda uione ikirusha maji, ulipe hapo hapo, usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Na ukikopa siku moja, kwa sababu maisha ni maisha, hakikisha anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya, ambayo kanuni za 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe nayo. Soma ada yote kwa shilingi badala ya asilimia peke yake. Halafu igawe kwa siku zako za kazi kama tulivyofanya hapo juu.

"Lakini bila mashine watanicheka"

Tunalisikia hilo. Mtu anasema pale stendi kuna kijana mwenye mashine, anamaliza gari kwa dakika kumi na tano, sasa nani ataniletea mimi mwenye ndoo?

Ni kweli, hutamshinda kwa haraka, na hatudanganyi kwamba utamshinda. Lakini yeye anaoshea nje kwenye manyunyu, na gari linaondoka na maji kwenye milango. Hawezi kukaa na Noah ya mwalimu siku nzima akitoa harufu ya zulia. Hana pa kuliweka. Wewe unapo. Wateja wenu si wale wale, na hakuna haja ya kugombana naye. Kuna watu huanza hata kutumiana kazi.

Pia kuna swali la wakati. Mkulima wa chai anayeuzia Mungania, Rukuriri, Githongo au Kinoro anajua bonasi huja karibu na Septemba au Oktoba. Kama wewe ni mmoja wao, au ni mtoto wa nyumba hiyo, huo ndio wakati wa kusimamisha paa, kabla ya mvua za vuli kuanza vizuri. Pesa ya bonasi ikiingia kwenye mabati na simiti inabaki hapo. Hata kazi ikikataa, una mahali pa kuegesha, pa kuanikia mahindi, pa kufugia kuku. Mashine ya mkopo kazi ikikataa inakuachia deni na chuma kinachoshika kutu kwenye stoo.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza kukubali mkopo ule, toka nje na futi ya kupimia. Pima mita 4 kwa 6 kando ya nyumba. Simama hapo katikati mvua ikinyesha. Kama unalowa, ujue pesa ya kwanza inatakiwa kwenda wapi.